Kufufua Bredauni ya Zamani Nairobi: Fuata Njia ya Uzito

Anayenunua bredauni kuukuu, yaani lori la kuinua na kuvuta magari yaliyokwama, huanza na injini kwa sababu anatamani kuisikia ikinguruma, au huanza na rangi kwa sababu anataka majirani waione. Mimi nilianza na injini. Baada ya miezi minne gari lilikuwa linawaka mara moja, nikaenda kumtoa jirani ambaye pikapu yake ilikuwa imetumbukia mtaroni. Kamba ya waya ilikatika pikapu ikiwa hewani, nusu mita kutoka ardhini. Hakuna aliyeumia. Ncha ya kamba ilichapa bodi ya nyuma ikaacha mkwaruzo mrefu ambao sijauziba hadi leo, na sina nia ya kuuziba.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia afuate uzito. Gari linaloinuliwa hukamatwa na ndoano. Ndoano hushikwa na kamba, kamba hupita kwenye kapi, kapi hukaa kwenye ncha ya mkono wa kreni, mkono husimama juu ya fremu, fremu hukaa juu ya chesisi, na mwisho wa yote mzigo hutua kwenye ekseli ya nyuma na matairi. Kagua na utengeneze kwa mpangilio huohuo, kutoka nyuma kwenda mbele. Injini ina zamu yake, na rangi huja mwisho kabisa.

Kabla ya kulipa

Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo gari la umri huu utalitafuta humuhumu nchini. Zilizosalia ziko nyuma ya gereji za Industrial Area, kwenye yadi za Kariobangi Light Industries, na kwenye mashamba ya Limuru na Kiambu ambako gari liliegeshwa siku moja likaota majani. Nyingine nyingi zilishauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Ukiikuta moja ikiwa na vifaa vyake vyote vya nyuma, hata kama haina injini, hiyo ina thamani kuliko inayowaka lakini imeng'olewa mkono na winchi, ile mashine inayokunja kamba. Injini mbadala utaipata, ila winchi ya miaka ya hamsini iliyokamilika unaweza kuitafuta hadi nywele ziote mvi.

Tafuta rekodi ya namba ya gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kabla hujatoa hata shilingi. Kisha lala chini ya gari na brashi ya waya, usugue mahali namba ya chesisi ilipogongwa, uisome mwenyewe na uilinganishe na logibuku, hati ya umiliki wa gari. Muuzaji akikuambia logibuku "itakuja", subiri ije ndipo ulipe. Gari lisilo na karatasi utalitengeneza kwa jasho, halafu likose ruhusa ya kutoka getini.

Jua unachokitazama

Fundi wa Marekani aitwaye Ernest Holmes, wa mji wa Chattanooga, Tennessee, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa bredauni. Mwaka 1916 aliombwa msaada wa kutoa gari aina ya Ford Model T lililopinduka kwenye kijito, na kazi hiyo ikamtesa yeye na wenzake kwa saa nyingi wakitumia kamba na nguvu za mikono. Baadaye alifunga nguzo tatu, kapi na mnyororo kwenye chesisi ya Cadillac ya mwaka 1913. Mashine za Holmes zilizofuata zilijulikana kwa mikono miwili inayofunguka kila mmoja upande wake. Faida yake ni hii: mkono mmoja unafungwa kwenye mti au nguzo imara upande wa kushoto, na wa pili unavuta mzigo kutoka upande wa kulia, ili bredauni yenyewe isiburutwe kwenda korongoni. Mtambo wa Holmes W-45, uliofungwa kwenye malori ya jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ulikuwa na mikono miwili yenye uwezo wa tani 5 kila mmoja.

Ukoo wa pili ni wa Kiingereza, na kwa sababu ya historia yetu utakutana nao zaidi hapa: kreni ya mkono mmoja, kama zile za kampuni ya Harvey Frost, iliyofungwa nyuma ya lori la Bedford au Land Rover. Nyingi huzungushwa kwa mpini wa mkono. Hizi hazikuundwa kuvuta mzigo wa pembeni. Zinainua kwa kunyooka, mzigo ukiwa nyuma kabisa ya gari, na ukizilazimisha kuvuta kwa mshazari utapinda mguu wa mkono. Kutofautisha koo hizi mbili ni jambo la kwanza katika kuelewa kifaa chako, maana makosa mengi hutokana na kuitaka kreni ya Kiingereza ifanye kazi ya Holmes.

Ndoano na minyororo

Isugue ndoano hadi chuma kitoke cheupe. Mdomo wake ukiwa umefunguka kuliko ulivyotoka kiwandani, au ncha imepinda pembeni, hiyo imekwisha. Usiipashe moto ili uirudishe, wala usiichomelee. Ndoano na minyororo ya kuinulia hupata nguvu yake kutokana na jinsi chuma kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani, na tochi ya gesi huifuta nguvu hiyo kwa dakika mbili huku umbo likibaki lilelile.

Nyufa ndizo adui asiyeonekana. Mzee mmoja wa Kariobangi ndiye aliyenionyesha kipimo kilichotumiwa zamani kwenye karakana za reli. Tuliitumbukiza ndoano kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi akaikausha kwa kitambaa hadi ikawa kavu kabisa, akaipaka chaki aliyoisaga na kuichanganya na spiriti, ikakauka ikawa nyeupe kama mfupa. Akaigongagonga kwa nyundo ndogo, tukakaa kunywa chai. Tuliporudi, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kwenye shingo ya ndoano, kama unywele uliolowa.

"Mzee, hiyo si kutu tu?"

"Kutu hainywi mafuta ikayatapika, kijana wangu. Huo ni ufa."

Ndoano hiyo nilikuwa nimeshaipaka rangi mara mbili.

Kwa minyororo, tafuta namba iliyogongwa kwenye pete: 70, 80 au 100 ndiyo daraja la chuma. Kwa kuinua, tumia 80 au 100. Mnyororo usio na namba yoyote ufungie geti. Pete iliyolika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya unene wake huondolewa, na mnyororo wote uliorefuka hutupwa, hata ukiwa unang'aa.

Kamba ya waya

Hapa tusiharakishe. Kamba iliyokaa kwenye ngoma ya winchi miaka ishirini ibadilishe bila kujadiliana nayo. Ndani yake mara nyingi mna moyo wa katani uliolowekwa mafuta. Mafuta yakikauka, moyo hunywa maji ya mvua na kutu huanzia katikati, mahali usipoweza kuona. Kamba yangu iliyokatika ilikuwa safi kwa nje. Nilipoikata baadaye, ndani ilikuwa unga mwekundu.

Kamba ya milimita 12 ya kawaida, yenye nyuzi kuu sita (kila moja ni fungu la waya zilizosokotwa) na moyo wa katani, hukatika kwenye tani 8 hivi ikiwa mpya. Usiitumie kwa zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu hiyo, yaani tani 1.6. Wanaosema "itabeba tani 8" wanataja mzigo wa kuikata. Mshtuko wa gari linaponasuka kwenye matope unaweza kuzidisha mvuto mara mbili au zaidi kwa kufumba na kufumbua, ndiyo sababu akiba inahitajika.

Ukinunua mpya, ipime unene kwa kaliper ukishika kwenye migongo ya nyuzi kuu, si kwenye mabonde. Kisha jizoeze kuikagua: vaa glovu, shika kitambaa kuizunguka kamba, na uivute polepole, waya uliokatika utanasa kitambaa. Chagua uzi mkuu mmoja na uufuate hadi ukamilishe mzunguko mmoja kuizunguka kamba. Kwenye kamba ya milimita 12, urefu huo ni kama milimita 75. Ndani ya urefu huo ukihesabu waya 6 zilizokatika, au 3 kwenye uzi mkuu mmoja, kamba hiyo imestaafu. Vivyo hivyo ikiwa na kinundu cha kukunjika, ikifumuka kama kizimba cha ndege, au ikiwa na rangi ya buluu ya kuungua.

Ncha ya kamba hukunjwa kuzunguka pete ya chuma yenye mfereji na kukazwa kwa klipu za umbo la U. Kwa milimita 12, weka klipu tatu zisizopungua, ziachane milimita 70 hivi. Na hili ndilo wengi hukosea: ule upande wa klipu wenye tandiko pana hukaa kwenye kamba ndefu inayobeba mzigo, na ule wenye kono la U hukaa kwenye kipande kifupi cha mwisho. Ukigeuza, kono la U litaisaga kamba inayobeba. Nimeziona klipu zilizofungwa kinyume kwenye gari la gereji inayofanya kazi kila siku. Kaza, inua mzigo mdogo, kisha kaza tena, kwa sababu kamba husinyaa ikivutwa mara ya kwanza.

Kwenye ngoma, hakikisha mizunguko isiyopungua mitano inabaki hata kamba ikivutwa hadi mwisho. Ni msuguano wa mizunguko hiyo unaoshikilia mzigo. Ile bolti ndogo ya pembeni haiwezi peke yake. Na ukumbuke kwamba winchi huvuta kwa nguvu zaidi kamba ikiwa kwenye tabaka la chini. Kila tabaka linaloongezeka hupunguza nguvu na kuongeza kasi.

Kapi, mkono na winchi

Kapi lizunguke kwa kidole. Mfereji wake ukiwa umechimbwa alama za kamba ya zamani, utaitafuna kamba mpya; peleka kwa fundi wa lathi auchonge upya au atengeneze kapi jingine. Kapi la ziada lenye ndoano ni rafiki mkubwa: kamba ikienda hadi kwenye mzigo, ikapita kapini na kurudi kufungwa kwenye bredauni, nguvu ya kuvuta huongezeka karibu maradufu na mwendo hupungua nusu. Lakini ndoano ya kapi hilo, na chochote ilichoshika, hubeba mvuto wa kamba mara mbili. Watu hulisahau hilo na kulifunga kapi kwa kipande cha mnyororo wowote waliookota.

Mkono wenyewe uchunguze mguuni, kwenye pini inapozungukia. Tundu lililolika likawa kama yai lijazwe bushi mpya, wala usikubali fundi alizibe kwa welding na kulitoboa tena kwa kukadiria. Mkono uliopinda hata kidogo usinyooshwe.

Winchi nyingi za zamani hutumia gia ya skrubu: shafti iliyokatwa meno kama parafujo inasukuma gurudumu la shaba. Fungua boksi, mimina oili ya zamani kwenye beseni jeupe na uipeleke juani. Vumbi jembamba la dhahabu ni uchakavu wa kawaida wa miaka mingi. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni gurudumu linalokufa. Oili mpya iwe ya gia inayokubaliana na shaba, kwa kuwa baadhi ya oili za difu za kisasa zina kemikali zinazoila. Kwenye winchi za mpini, kagua meno ya kuzuia na ulimi wake. Ulimi uwe na ncha kali na springi yenye nguvu, maana ukiteleza, mpini hurudi kwa kasi ya kuvunja mkono wa mtu.

Kama winchi huendeshwa na injini kupitia gia boksi, kanyaga klachi kabla ya kuiunganisha, na uitoe kabla ya kuondoa gari. Shafti nyingi za winchi zilivunjika barabarani kwa sababu dereva alisahau.

Kwa vipande vidogo vyenye kutu, kama kava na mabano, Wakenya tuna dawa ya nyumbani: magadi. Yeyusha magadi kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20, vijiko vinne au vitano vya mezani. Zamisha kipande kilichofungwa kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na kwenye waya chanya funga kipande cha chuma cha kawaida, visigusane. Usitumie chuma kisichoshika kutu, kinatoa sumu. Fanya nje, mbali na moto, kwa sababu viputo vinavyotoka ni gesi inayolipuka. Kesho yake kutu itatoka kwa brashi. Ndoano, minyororo na springi zisiingie humo kamwe, gesi hiyo hupenya kwenye chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kigae.

Hesabu ya kila anayeinua

Chukua umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi ndoano, tuseme mita 1.5. Chukua umbali kati ya ekseli zako mbili, tuseme mita 3.8. Ukiinua kilo 900, ekseli ya mbele itapoteza 900 mara 1.5 gawa kwa 3.8, yaani kilo 355 hivi, na ekseli ya nyuma itaongezewa kilo 1,255, si 900. Ukirefusha mkono hadi mita 2.5, mbele inapoteza karibu kilo 592 kwa mzigo uleule. Kanuni ya kazi hii ni kwamba ekseli ya mbele isipoteze zaidi ya nusu ya uzito wake wa kawaida, ama sivyo usukani unaelea na breki za mbele hazishiki. Lipeleke gari kwenye mizani ya malori, upime ekseli ya mbele peke yake, na uiandike namba hiyo ndani ya mlango wa dereva.

Chesisi, miguu na breki

Gonga kila ribiti ya chesisi kwa nyundo. Iliyoshika hulia kengele, iliyolegea hutoa sauti ya kopo, na mara nyingi utaona vumbi jekundu kuizunguka. Ukihitaji kutoboa tundu jipya, toboa ukuta wa katikati wa boriti, kamwe si mbawa zake za juu na chini ambako mvuto ni mkali zaidi. Springi za nyuma zifunguliwe bamba kwa bamba. Lililovunjika hujificha katikati.

Matairi yana hatari ya pekee. Malori mengi ya zamani yana ringi ya vipande, yenye pete ya kufungia. Pete hiyo ikichomoka wakati wa kujaza upepo huua. Ng'oa vali upepo wote utoke kabla ya kuigusa, usijaze nje ya kizimba cha chuma, na kama fundi wa matairi hana kizimba, mshukuru uondoke.

Breki fanya zote: silinda, mipira, mabomba, lining. Lining za enzi hizo zilikuwa na asbesto, kwa hiyo usipulize vumbi kwa kompresa. Lowesha, futa, tupa kitambaa kwenye mfuko uliofungwa.

Injini

Sehemu hii mafundi wetu wanaijua vizuri, nami nitasema machache. Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, bado ndiko pa kuulizia gasketi na beringi za Bedford. Nenda na kipande cha zamani mkononi, usitegemee maelezo ya mdomo. Magari ya Uingereza ya zamani sana yana bolti za Whitworth, na spana ya milimita itakula vichwa vyake. Tena, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa kwa vipimo vya kiwandani hapa hunywa petroli kupita kiasi na kutia plagi masizi. Badilisha jeti kabla hujalaumu pistoni.

Kuijaribu

Usijaribu kwa gari la mtu. Tumia mapipa ya lita 200: pipa likijaa maji ni kilo 200 za maji, na ukifunga matano kwenye kitanda cha chuma una tani moja na ushei. Anza na pipa moja. Inua sentimita kumi tu kutoka ardhini, weka alama ya chaki kwenye kamba pale inapoingia ngomani, na usubiri dakika kumi. Alama ikisogea, winchi inateleza. Shusha, kagua pini, klipu na mguu wa mkono, ongeza pipa. Watu wote wakae mbali kuliko urefu wa kamba iliyonyooka, na mtu mmoja tu atoe amri. Tupia blanketi zito juu ya kamba. Likitokea la kutokea, litaipunguza kasi.

Ikifaulu, ujue pia mipaka yake. Vifaa hivi viliundwa enzi ya bampa za chuma. Mnyororo ukipita chini ya gari la leo huvunja plastiki na taa. Gari la otomatiki likiburutwa magurudumu yanayoliendesha yakiwa chini, au gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, linaweza kuharibika gia boksi. Liitie bredauni ya kitanda, inayolibeba gari zima mgongoni. Na gari lako, likiwa la biashara, litapaswa kukaguliwa kila mwaka na NTSA. Likoni Road ndiko wengi wa Nairobi hupeleka.

Rangi

Paka Januari au Februari, kabla ya mvua za masika. Julai ni baridi na unyevu, rangi hufifia. Piga msasa ukiwa umelowesha, kwa kuwa rangi za zamani zina risasi, na nenda polepole kwenye milango. Chini ya tabaka tatu za buluu, mlango wangu wa kushoto ulitoa herufi za njano zilizochorwa kwa mkono: jina la gereji iliyofungwa zamani, na namba ya simu yenye tarakimu tano. Nilizipiga picha, nikazifuatisha kwenye karatasi ya mafuta, na mchoraji wa matatu wa Ngara akazirudisha kwa brashi moja na fimbo ya kuegemezea mkono, bila stensili.

Alipomaliza mlango nilimwomba aongeze kitu kimoja kwenye mkono wa kreni, pande zote mbili, kwa herufi za kimo cha kiganja: KILO 1,000. Ni uzito wa mapipa matano yaliyoning'inia pale dakika kumi bila alama ya chaki kusogea.